JE, MFANYAKAZI AWEZA KUUZA MATIBABU YA JAMAA YAKE?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.



Ijumaa hii tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi watasema mahali pake ni ofisi ya sendika, wala si msikitini. Ndugu zetu wanaofanya kazi ya mshahara wametuuliza hivi: kompani ikileta mapatano mapya na kusema, "Tutawaongezea pesa kila mwezi, lakini tangu sasa matibabu ya mke na watoto ni juu yenu wenyewe, ao mtalipa sehemu yake," je, delege wa sendika anaruhusiwa kutia sahihi? Na mfanyakazi aliyenyoosha mkono kukubali, amefanya dhambi ao amefanya haki yake?

Swali hili si dogo. Huku kwetu Wamaza, kutoka Kasongo mpaka Kabambare, mtu mmoja mwenye mshahara analisha watu wengi. Kalamu yake ikiandika jina lake, inaandika pia juu ya mama yake, mke wake na watoto waliolala nyumbani, ambao hawajui hata kama kuna mkutano.

MKATABA WA KAZI NDANI YA QURANI

Anayedhani dini haina neno juu ya mkataba wa kazi, asome Suratul-Qasas. Nabii Musa (A.S.) alitoka Misri akikimbia kuuawa. Alifika Madyan na njaa, hana nyumba, hana ndugu, hana chakula. Akawanyweshea wanyama mabinti wawili waliokuwa wakingoja wachungaji wengine waondoke kisimani. Mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri mtu huyu, kwa sababu ana nguvu na ni mwaminifu. Mzee akamwekea Musa masharti: amwoze binti yake, naye amfanyie kazi miaka 8, akitimiza 10, hiyo miwili ni hisani yake mwenyewe. Tena mzee akasema wazi kwamba hataki kumtaabisha. Musa akakubali kwa sharti kwamba muda wowote atakaoutimiza kati ya miwili ile, asidaiwe zaidi, na akamweka Mwenyezi Mungu kuwa shahidi.

Tazama vizuri, ewe msomaji. Musa wakati ule alikuwa mtu wa dhiki. Mzee angeweza kumwambia afanye kazi miaka 20 kwa chakula tu, na Musa labda angekubali, maana hakuwa na pa kwenda. Mzee hakufanya hivyo. Aliweka muda unaojulikana, akatenga lililo wajibu na lililo hisani, akaondoa mzigo usiobebeka. Hapa tunajifunza kwamba uzuri wa mkataba unapimwa kwa namna mwenye nguvu anavyomtendea mwenye njaa siku ya kuandikiana.

JE, HIARI YA MWENYE NJAA NI HIARI?

Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratun-Nisaa kula mali baina yetu kwa batili, akaruhusu biashara ya kuridhiana. Basi kuridhiana ndiyo nguzo. Lakini kuridhiana ni nini? Wanazuoni wa zamani waliizungumza biashara ya mtu aliyebanwa na dhiki, anayeuza kitu chake kwa bei ya chini kwa sababu watoto wanalia. Mkataba wake waweza kusimama mbele ya kadhi, lakini yule aliyeitumia dhiki yake ili apate faida anabaki na lawama mbele ya Mola wake.

Tuchukue mfano wa nchi yetu wenyewe. Wengi wetu tuna babu na wajomba waliotoka Maniema kwenda Katanga, kufanya kazi Union Minière, iliyokuja kuitwa Gécamines. Kwa miaka mingi kompani ile iliwapa wafanyakazi nyumba, unga, shule za watoto na hospitali. Watu walisema kompani ndiyo baba na mama. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Baadaye ikaanguka: mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, fedha ikakosekana, na kufika mwaka 2003 wafanyakazi wengi walikuwa wanadai mishahara ya zaidi ya miaka miwili.

Hapo serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia, ikaleta mpango ulioitwa Kuondoka kwa Hiari. Mfanyakazi wa miaka mingi alipewa pesa mara moja, akatoka kazini. Zaidi ya watu 10,000 walikubali, na fedha zilizotolewa zilikuwa karibu dolari milioni 43. Ukigawanya, ni kama dolari 4,000 kwa kila mtu, wengine zaidi na wengine chini, kwa maisha mazima ya kazi. Na pamoja na mshahara, matibabu ya kompani yakaondoka. Wengine walifungua duka likafa, wengine walilipa madeni, wengine waliugua na pesa zikaishia kwa dawa. Mwaka 2009 baadhi yao walipeleka malalamiko kwenye jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia yenyewe, wakisema hesabu yao haikufuata sheria wala mkataba wao wa pamoja.

Hatuwalaumu wazee wale. Mtu asiyelipwa miaka miwili akionyeshwa dolari, mkono wake utazifuata. Lakini jina lile "hiari" tuliweke kwenye mizani. Kama ungelipwa haki yako kila mwezi, ungelikubali? Jibu likiwa hapana, basi kilichotia sahihi ni njaa yako. Na mwenye kuajiri aliyesababisha njaa kwa kuchelewesha mshahara, kisha akaitumia njaa hiyohiyo kununua haki ya matibabu, amedhulumu mara mbili. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, tena ametuonya kwamba anayemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili na asimpe ujira wake, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki wake siku ya Kiyama.

MATIBABU NI MALI YA NANI?

Sasa tufike kwenye kiini cha swali. Mshahara ni wako, umeutolea jasho. Ukitaka kupunguza mshahara wako ili kompani isife, ni mali yako unaitoa, na pengine una thawabu. Lakini matibabu ya mke na watoto ni ya nani?

Saad bin Abi Waqqas (R.A.) aliugua sana Makka, akadhani atakufa. Alikuwa na mali, na mrithi wake wa karibu ni binti mmoja. Akamwuliza Mtume (S.A.W.) kama atoe sadaka thuluthi mbili za mali yake. Akakatazwa. Nusu? Akakatazwa. Thuluthi moja? Akaambiwa thuluthi, na hata thuluthi ni nyingi. Kwa maana kuwaacha warithi wako wanajiweza ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu kwa mikono. Angalia: mali ilikuwa ya Saad mwenyewe, na alitaka kuitoa katika njia ya Mungu, si kuinywa wala kuichezea. Hata hivyo aliwekewa mpaka, kwa sababu wako watu nyuma yake.

Ikiwa ni hivyo kwa sadaka, itakuwaje kwa mtu anayetoa matibabu ya mtoto wake ili apate nyongeza ya mshahara? Haki ile imepita mikononi mwako kama amana. Jina lako ndilo lililo kwenye daftari la kompani, lakini anayekwenda kuzaa usiku ni mke wako. Anayetetemeka na malaria ni mtoto. Wao ndio wenye mali, nawe ni mlinzi. Mtume (S.A.W.) ametwambia inamtosha mtu dhambi kuwapoteza wale anaowalisha.

Tupige hesabu kidogo, maana shetani anapenda watu wasiopiga hesabu. Tuseme nyongeza ni dolari 20 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 240. Tuseme mama mmoja anazaa kwa kupasuliwa, na hospitali inadai 300. Nyongeza ya mwaka mzima imekwisha kwa usiku mmoja, na bado deni la 60. Nyongeza inakuja kidogokidogo na kuliwa kidogokidogo: sabuni, chumvi, mchango wa msiba. Ugonjwa hauji kidogokidogo. Unakuja wote pamoja, saa nane ya usiku, tena wakati wa mvua njia ikiwa imeharibika.

KISICHOUZIKA KWA SHERIA

Jambo jingine delege alijue. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamlazimisha mwenye kuajiri kumtibu mfanyakazi pamoja na jamaa yake. Na sharti lolote la mkataba linalompa mfanyakazi chini ya kile sheria inachompa, halina nguvu. Basi likija karatasi linalosema matibabu ya watoto yamefutwa, delege hana mamlaka ya kulikubali, hata akipigiwa makofi na mkutano mzima.

Kinachozungumzwa ni namna ya kutibu: dispanseri ya kompani yenyewe, ao hospitali iliyopatana nayo, ao bima, dawa gani zimo, nani anahesabiwa kuwa jamaa, mgonjwa anapelekwaje akizidiwa. Hapo ndipo akili ya delege inatakiwa, maana haki yaweza kubaki kwenye karatasi na kufa dirishani kwa kukosa dawa.

KOMPANI IKIWA KWELI IMEDHOOFIKA

Mtu atasema: "Shehe, wewe unazungumza juu ya haki, na kompani haina kitu. Tukikataa itafunga, tutakosa mshahara na matibabu pamoja." Neno hili lina uzito, na Mwislamu hapaswi kulipita.

Sisi wa Maniema tunajua maana ya kompani kufunga. SOMINKI iliundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kompani za madini za Kivu na Maniema, na Namoya yetu ilikuwa ndani yake. Oktoba 1985 soko la bati la London lilisimama, bei ikaanguka vibaya, na SOMINKI haikupata tena afya. Katika miaka ya 1990 ikaingia katika kufilisiwa, na wazee walioifanyia kazi wamedai malipo yao ya mwisho miaka mingi. Namoya ilifufuliwa na Banro. Dhahabu ya kibiashara ilianza mwaka 2016, na mwaka 2019 kazi ikasimamishwa kwa sababu ya usalama. Hatusemi basi kwamba kila kompani inayolia inadanganya. Bei huanguka kweli, na vita ni kweli.

Kwa hiyo kupunguziana si haramu. Lakini tumefundishwa katika Suratul-Mutaffifin ole ya wale wanaojipimia kwa kujaza na kuwapimia wenzao kwa kupunja. Basi kabla ya kukubali, delege aulize mambo manne. Kwanza, hesabu iko wapi? Anayedai umaskini afungue daftari. Pili, wakubwa nao wamepunguza nini? Ikiwa mkubwa anatibiwa Nairobi na mchimbaji anaambiwa avumilie, hiyo ni mizani ya wapunjaji. Tatu, ni kwa muda gani? Mkataba wa Musa ulikuwa na mwisho. Punguzo lisilo na tarehe ya kwisha si la dhiki, ni la daima. Nne, kwa nini mnaanza na wagonjwa? Yako mambo ya kukata kabla ya kufika kwenye dawa ya mtoto: safari, magari, karamu. Mgonjwa awe wa mwisho.

MAKOSA YETU SISI

Haki haisemwi upande mmoja. Kompani zinapolalamika juu ya gharama za matibabu, sehemu ya maneno yao ni kweli, na tunaijua. Wako wanaoazimana karatasi ya matibabu. Wako wanaoandika mtoto wa jirani kuwa mtoto wao. Wako wanaochukua dawa kwa jina la mtu mzima wa afya, kisha dawa zinauzwa sokoni. Huo ni wizi, hata ukiitwa huruma, na anayelipa ni mgonjwa wa kweli anayekuta rafu tupu.

Hapa pana jambo linalotugusa Waislamu hasa. Sheria ya jamaa ya nchi yetu, ya mwaka 1987, haitambui ndoa ya wake wengi. Kwa kompani, mke ni mmoja. Ndugu mwenye wake wawili atafanya nini? Wengine wanamwandika wa pili kuwa dada, wengine wanabadilishana majina. Ndugu yangu, usijenge matibabu juu ya uongo. Watoto uliowatambua kisheria ni watoto wako, mama awe yeyote. Hao uwatetee waandikwe wote. Na mke wa pili, ni wewe uliyeahidi uadilifu siku ya ndoa, kompani haikuahidi. Mtengee fungu lake kwa mali yako, sawa na mwenzake. Anayeshindwa na hilo asingoje kompani imfanyie uadilifu aliouahidi yeye.

BIMA NA MFUKO WA PAMOJA

Wengine wametuuliza: ikiwa kompani inataka kutuingiza katika bima ya afya, bima si haramu? Baraza la fiqhi la nchi za Kiislamu huko Jeddah lilitoa uamuzi mwaka 1985: bima ya biashara, ambayo ndani yake mna kubahatisha, imekatazwa, bima ya kusaidiana, ambayo watu wanachangia ili kumwokoa aliyefikwa, imeruhusiwa. Tena mfano wake tunao kwa Mtume (S.A.W.). Aliwasifu watu wa kabila la Ashari, kwamba chakula kikiwapungukia hukusanya walicho nacho katika nguo moja, kisha hugawana sawasawa. Akawahesabu kuwa ni wake, naye ni wao.

Wala tusidhani hayo ni ya watu wenye mali. Bwamanda, huko Ubangi ya Kusini, wanakijiji wakulima walianza mwaka 1986 kuchangia mfuko wa hospitali, jamaa nzima pamoja, wakati wa mavuno pesa zikiwa mkononi. Mgonjwa akilazwa alilipa sehemu ndogo, moja ya tano, na mfuko ukalipa nyingine. Na Kasongo yetu hii, katika miaka ya 1970, madaktari wa Kongo na Ubelgiji waliifanya kuwa mahali pa kuonyesha dunia jinsi vituo vidogo vya afya na hospitali moja vinavyoweza kuhudumia mitaa yote. Tulilokuwa nalo mbele ya watu tusiseme halitufai.

Basi ikiwa mapatano yanaleta mfuko wa pamoja, sharti ziwe wazi: kompani inachangia, si mfanyakazi peke yake, hesabu inasomwa mbele ya wote, na mfuko unamtibu mtoto na mjane pia. Mfuko wa kusaidiana ni wa kuongeza juu ya wajibu wa mwajiri. Ukiletwa ili kumwondolea wajibu, umegeuka kuwa mlango wa kukimbilia.

WASIA KWA DELEGE NA KWA ALIYEMCHAGUA

Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ndani ya Suratul-Baqara, ni juu ya kuandikiana. Inaagiza mwandishi aandike kwa haki, na mtu dhaifu asiyeweza kusema mwenyewe, msimamizi wake aseme kwa niaba yake kwa uadilifu. Mapatano ya kazi huandikwa Kifaransa. Wafanyakazi wengi hawakisomi. Wewe delege ndiwe msimamizi wa dhaifu. Karatasi lisomwe kwa Kiswahili, neno kwa neno, mbele ya watu, siku kadhaa kabla ya kutia sahihi. Yeyote anayekuharakisha aulizwe kwa nini ana haraka. Bahasha utakayopewa pembeni ili ufumbe macho ni rushwa, na Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoaji na mpokeaji.

Nawe mfanyakazi, usipige kura kabla hujazungumza na mke wako. Mambo ya Waislamu ni mashauriano, na yeye ndiye anayejua mwaka jana mtoto alikwenda hospitali mara ngapi. Mwulize: "Nyongeza ao matibabu?" Usishangae akikupa hesabu uliyokuwa huijui.

Jibu letu basi ni hili. Kupunguza kilicho chako ni hiari yako. Kukubali namna mpya ya kutibiwa, kwa muda unaojulikana na hesabu iliyo wazi, kunaruhusiwa. Kuuza matibabu ya wale ambao hawakuwapo mkutanoni hakuruhusiwi, kwa sababu huwezi kuuza amana. Aliyetia sahihi kwa njaa, Mwenyezi Mungu anaijua njaa yake, na dhambi kubwa iko kwa aliyemtia njaani. Aliyetia sahihi kwa tamaa ao kwa bahasha, ajiandae kuulizwa.

Ewe Mola wetu, wape wafanyakazi wetu ujira wa halali kwa wakati wake. Walainishe mioyo wenye kuajiri, uwaonyeshe kwamba wao nao wataajibika mbele yako. Waponye wagonjwa wetu, walinde mama wanaozaa, urudishe amani Kabambare na Kasongo na nchi yetu yote. Wasamehe wazee waliokufa wakidai haki zao, na uwalipe wewe kile walichonyimwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Ndugu, karatasi hili lina majina matukufu. Usilitupe chini wala kufungia kitu. Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.)